Pongo Sita wa Daftarini

Mlali,
Morogoro.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Twalibu,

Shikamoo mjomba, na salamu za amani kutoka kwetu sisi watoto wa dada yako. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na Sabra anakupikia uji wa asubuhi bila kukuongezea sukari uliyokatazwa. Sikio la kushoto linaendeleaje? Mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikuuliza habari za afya, ukanijibu habari za korosho, nikajua hukunisikia.

Sisi huku ni wazima, Alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua akipanda kilima, ila kwenye tambarare ananishinda kutembea. Wanangu wanasoma. Vuli imechelewa, mawingu yanalala juu ya Uluguru tangu asubuhi, ukifika mchana yameshakwenda zake. Mihogo ya kule bondeni imeliwa na nguruwe pori karibu yote. Nitaeleza kwa nini, maana hilo nalo limo ndani ya jambo linalonifanya nikuandikie.

Mjomba, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Tangu mwezi wa tisa mimi sikai mahali nikatulia. Naanza kufua, naacha nguo kwenye beseni, nakwenda kusimama barabarani bila kujua ninamngoja nani. Darasani juzi nilifuta ubao kabla watoto hawajanakili. Jambo lenyewe linahusu bunduki yako, linamhusu ndugu yangu Hamza, na linanihusu mimi. Kwenye simu ningelazimika kupaza sauti, na majirani wangelisikia kabla yako. Wewe ndiye mkubwa wetu upande wa mama, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Kwanza ujue Hamza ni mzima, yuko nyumbani kwake na mkewe, hayuko jela. Hilo lishike vizuri, ndipo uendelee kusoma.

Huenda hujui kuwa miaka mitatu iliyopita wawindaji wa huku waliniomba niwe katibu wa chama chao. Mimi Raya, nisiyejua hata bunduki inashikwa wapi. Mzee Stambuli, ambaye ndiye mwenyekiti na ambaye unamkumbuka kwa kuwa mliwinda wote, alisema wanataka mtu mwenye mwandiko unaosomeka, na kwamba mwalimu haogopi fomu. Nikakubali. Niliona ni kazi ya kalamu tu.

Utaratibu umebadilika sana tangu ulipohama. Zamani ulikata leseni, ukaenda porini, ukirudi ukaandika ulichopata. Sasa kila mnyama ana kibali chake, na msimu huu kikundi chetu kilipewa pongo sita tu, madume watupu, na nguruwe pori kumi na watano. Wawindaji tuko nao ishirini na wawili. Pongo wakapigiwa kura. Aliyeshinda alipewa kibali cha mnyama mmoja na lakiri moja, kamba ya plastiki ya njano yenye namba. Pongo akianguka, lakiri inafungwa kwenye mguu wa nyuma papo hapo, kabla hajasogezwa, na pale njia panda kuna askari wanaikagua. Ukimjeruhi akapotea, anahesabiwa kuwa umemuua na kibali chako kimekwisha. Ukirudi unaniletea mimi pembe na ile lakiri, naandika daftarini: nani, namba gani, amehangaika porini siku ngapi.

Vibali vya nguruwe havikupigiwa kura. Karibu wawindaji wote ni Waislamu. Nani atembee siku mbili akafuate nyama asiyoweza kuivusha mlangoni kwake? Viwili vilichukuliwa na Eustace na mwenzake wa kanisani, vilivyobaki vikalala kwenye bahasha nyumbani kwangu. Basi ikawa pongo sita wanatazamwa na watu ishirini na wawili, na nguruwe wanashuka mashambani kama wamealikwa. Mihogo yetu imekwenda hivyo.

Katika kura Hamza alipata. Lakiri yake ilikuwa namba 0417. Nakumbuka alivyoinua ile karatasi, akasema, "Bunduki ya mjomba haijakaa bure mwaka huu." Tulicheka wote.

Katikati ya mwezi wa nane aliniletea pembe, nzuri, zimejisokota. Nikamwomba lakiri. Akasema iliungua alipokuwa anababua manyoya ya mguu. Nikauliza alihangaika siku ngapi, akasema mbili. Nikaandika: 0417, dume, siku mbili, lakiri imeungua. Mjomba, sikuuliza neno la pili. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia alete hata hilo donge la plastiki. Kwa ndugu yangu kalamu yangu ilikuwa nyepesi.

Mwezi wa tisa, Jumamosi moja saa tatu asubuhi, nilikwenda kwake kuchukua jembe. Mkewe Pili alikuwa uani, ana beseni la nyama, na mguu mmoja umening'inizwa kwenye mti wa kuanikia. Lakiri ya njano bado ilikuwa mguuni. Mimi namba zile sita nimeziandika kwa mkono wangu, nimezirudia kwenye fomu tatu. Nazijua kama majina ya wanafunzi wangu. Nikasoma 0417.

Nikamuuliza Pili nyama imepatikana lini. Akasema, "Jana, wifi. Kateseka huyo, siku tisa."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kasema kakiacha huko huko."

Pili hakujua kitu; alinifungia na kipande cha paja niende nacho. Nikalichukua lile paja na jembe langu, nikafika njiani nikajikuta nimesimama tu. Sikuweza kulila, sikuweza kulitupa. Mwishowe nilimpa Mama, akalipika, akanisifia ndugu yangu alivyo mwanaume.

Kesho yake mchana nilimfuata Hamza kwenye mihogo. Alikuwa anazungushia miiba pale nguruwe walipopita. Nikamwambia namba niliyoiona. Hakukana. Aliweka panga chini, akakaa kwenye tuta.

Akanieleza kuwa pongo wa kwanza alimpiga siku ya pili tu ya safari yake, dume, lakini alitumbukia korongoni. Hadi Hamza anateremka na kisu, mnyama ameshakufa. "Amekuwa kibudu, dada. Sheria inasema nimfunge lakiri. Nimfunge, halafu nirudi na nini? Na nyama nisiyoweza kuwapa Mama na Pili?" Alikuwa na Eustace siku hiyo, akampa Eustace mnyama wote, na lakiri akairudisha mfukoni. Akaendelea kuwinda. Wa pili ndiye aliyemuwahi kwa kisu, akamfunga lakiri lakini hakuivuta mpaka mwisho, apate kuivua kwatoni baadaye. Huyo ndiye niliyemwandika mimi.

"Na wa tatu?"

Alikuwa anachimbachimba udongo kwa kidole.

"Wa tatu nilizunguka siku nane sijaona hata unyayo mpya. Mjomba alikuwa anasema ukiingia pale asubuhi unawasikia wakibweka kabla hujawaona. Siku hizi pori limenyamaza. Siku ya tisa nikaona kitu kwenye kichaka, sikungoja kuona pembe." Akanitazama. "Alikuwa jike, dada. Nilipompasua nikakuta mtoto tumboni, ameshaota manyoya. Nikamzika."

Nilitaka kumgombeza, nimejitayarisha njia nzima, lakini nikakaa naye kwenye lile tuta. Nilimuuliza kama wengine nao wanafanya hivyo. Akasema, "Muulize nani hafanyi." Akachukua panga lake akarudi kwenye miiba.

Mjomba, kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuhesabu. Nikienda dukani namtazama Halidi, yule kijana wa kwa marehemu fundi cherehani aliyepata kibali, najiuliza, huyu ni wangapi? Nikifungua daftari naona sita, wote siku mbili mbili, siku tatu, wote wamekamilika, ukurasa safi ambao mkaguzi yeyote angeupenda. Nilikuwa naufunga na kuufungua kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Sikusema. Nilijiambia msimu utaisha, mwakani nitajiuzulu ukatibu, yaishe. Ningefanya hivyo, sikufichi.

Lakini tarehe kumi na tisa mwezi uliopita alikuja afisa wanyamapori, Bi Hosiana. Ni mpya huku, msichana mtaratibu, anasalimia wazee vizuri na anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja kukusanya takwimu. Tulikaa darasani kwangu, Mzee Stambuli, yeye na mimi. Alilipitia daftari mstari kwa mstari, akawa anaandika pembeni hesabu zake, halafu uso ukamfunguka.

Akasema, "Hii ni habari njema. Vibali sita, pongo sita, na hakuna aliyehangaika zaidi ya siku tatu. Maana yake wanyama wapo wengi. Nitapendekeza mwakani mpewe kumi na wawili."

Mzee Stambuli akatabasamu. Nikamuuliza Bi Hosiana anajuaje kuwa wapo wengi, kama hajaingia porini. Akasema hawezi kuingia kila pori. Wilaya ni kubwa, yeye ni mmoja. "Macho yangu ndiyo haya madaftari, Mwalimu. Mtu akisema alizunguka siku tisa, najua wamepungua. Akisema siku mbili, najua wapo. Wewe ukiniandikia vibaya, mimi nagawa vibaya."

Akanisogezea fomu nisaini. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mjomba. Niliwaza kumi na wawili wa kwenye karatasi. Nikawaza kama sita wamekuwa wengi kiasi kile, kumi na wawili watakuwa wangapi, na ni pori lile lile ambalo Hamza alizunguka siku nane. Nikamwambia nahitaji wiki moja, kuna mambo ya kurekebisha. Mzee Stambuli alinitazama, lile tabasamu likakauka.

Bi Hosiana alipoondoka, mzee alinifuata hadi kwenye mlango wa ofisi ya walimu. "Urekebishe nini, binti yangu?"

"Ukweli, mzee."

"Ukiandika unaoujua, mwakani hatupati hata mmoja. Na wanaume ishirini na wawili watajua ni nani aliyewafungia pori."

Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayenitahadharisha juu ya nyoka njiani. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Wiki ile nilipungua. Nilimwendea Hamza nikamwambia siwezi kusaini sita, na siwezi kuandika zaidi ya sita bila yeye kuguswa, maana kosa ninalolijua kwa macho yangu ni lake peke yake. Akauliza, "Kwa hiyo unaniuliza au unaniarifu?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Aliniambia niende, anafikiri.

Jumamosi tarehe ishirini na sita tuliitisha mkutano wa chama pale pale darasani. Walikuja kumi na saba, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nikasimama nikawaeleza alivyosema Bi Hosiana, kwamba namba zetu ndizo macho yake. Nikasema daftari langu linasema sita na mimi siamini kuwa ni sita. Nikaomba kila aliyekuwa na kibali aseme yake mwenyewe.

Halidi alikuwa anatazama ramani ukutani. Wale wawili waliotoka Mzumbe, ambao nao walipata vibali, walikuwa wanaongea wao kwa wao. Mzee Stambuli akakohoa, akasema tukiruhusu mwalimu atusomeshe kama darasa la tatu basi chama kimekwisha, na kwamba pongo hawahesabiki, ni riziki, mwaka mmoja wapo, mwaka mwingine hawapo.

Ndipo Hamza akasimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisema, "Mimi ni watatu. Mmoja kibudu, mmoja yupo daftarini, mmoja jike mwenye mimba. Wa tatu nilitumia siku tisa. Andika siku tisa, dada." Akakaa.

Mtu mmoja akamwambia anyamaze, anatuharibia. Eustace akasimama kabla mtu huyo hajamaliza. Akasema yeye kibali chake cha pongo alikitumia mara mbili, na nyama ya yule kibudu ni yeye aliyeila na familia yake, kwa hiyo kama Hamza anakwenda kujibu, wanakwenda wote. Mkutano ukavunjika hapo, madawati yakisukumwa, watu wakitoka bila kuagana.

Mama alisikia kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu imenyooshwa. "Umemuuza ndugu yako," alisema. Nikajaribu kumweleza mambo ya takwimu na pori. Akanikata, "Mimi sikuzaa takwimu." Karibu wiki tatu hakula chakula nilichopika mimi. Alikuwa anavuka njia na magoti yake yale kwenda kula kwa Pili.

Jumatatu tulikwenda mjini, Hamza, Eustace na mimi. Hamza alibeba bunduki yako imefungwa kwenye shuka, na leseni yake mkononi. Tulifika ofisini kwa Bi Hosiana, nikamwekea daftari mezani, nikaanza kueleza. Hamza akamalizia. Bi Hosiana alisikiliza hadi mwisho bila kuandika. Kisha akasema neno nisilolitegemea: "Kama mngenyamaza, mimi ndiye ningelimaliza lile pori, kwa mkono wangu, na nisingejua."

Lakini sheria ni sheria na hakuificha. Walichukua maelezo, bunduki ikapelekwa kituo cha polisi, Hamza na Eustace wakaachiwa kwa dhamana wakangoje uamuzi. Tulingoja siku kumi na tano. Mjomba, siku hizo sijui nizielezeje. Kila pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, Pili alikuwa anatoka nje. Hamza alizungushia miiba shamba lote, akamaliza, akaanza kuitoa na kuizungushia upya apate kazi ya kufanya. Mimi nilikuwa nazunguka kati ya nyumba tatu, ya kwangu, ya Mama na ya Hamza, sikai kokote.

Uamuzi ulitoka Jumanne iliyopita. Kwa kuwa walijipeleka wenyewe, kosa limefifilishwa, yaani wanalipa faini bila kufikishwa mahakamani. Hawaruhusiwi kuwinda miaka mitatu. Bunduki itakaa polisi muda huo wote. Na pongo wamefungwa: msimu ujao hakuna kibali hata kimoja mpaka Bi Hosiana na wenzake wahesabu nyayo wenyewe. Vibali vya nguruwe vimeongezwa, na Eustace anasema miaka yake mitatu ikiisha atafundisha vijana wa parokia kuwinda nguruwe tu. Lakini huo ni mwaka wa elfu mbili na ishirini na saba, na mihogo haitangoja.

Sasa ndiyo nakuomba radhi, mjomba. Bunduki ile ulimwachia Hamza kwa mikono yako, mbele ya Mama, na sasa imelala kwenye chumba cha polisi na karatasi imebandikwa kwenye kitako. Hamza anaona aibu kukuandikia, kalamu inamshinda. Wewe ndiye mwenye kusema, ikitoka irudi kwake, au iende kwa mwingine katika ukoo, au iuzwe yaishe. Utakalosema tutalifuata. Kama hasira yako ni juu yangu, niambie vile vile. Nimeshazoea kukaripiwa, na la kwako ningependa kulisikia kuliko kulibahatisha.

Watu wengine hawanisalimii. Sokoni mke wa mmoja wa wawindaji aliniuzia nyanya zilizopondeka akatazama pembeni. Nakubali. Linalonikosesha raha ni kwamba bado sijui kama nilifanya kwa ajili ya pori au kwa ajili ya jina langu chini ya ile fomu. Nikimuuliza Hamza anasema hayo ni maswali ya walimu, kwamba yeye tangu aseme ile namba anakula vizuri. Na kweli anakula. Mama naye tangu juzi amerudi kula kwangu. Alikuja tu na sahani yake.

Kitu kimoja zaidi, kisha nikuache upumzike. Bi Hosiana aliniachia karatasi moja tupu yenye mhuri. Alisema mpaka msimu ufungwe mwezi wa kumi na mbili, yeyote mwenye kibali akija kwa hiari yake kusema idadi ya kweli niiandike hapo na asaini, na kwamba kujipeleka kutazingatiwa. Nikadhani haitapata hata wino. Jumatano Halidi alinisimamisha nyuma ya duka, akasema, "Wawili," akasaini juu ya gunia la mchele, akaondoka haraka.

Juzi Ijumaa, baada ya swala, Mzee Stambuli alikuja. Hakuingia, hakukubali kiti. Alisimama kizingitini na kanzu yake, kofia mkononi.

"Ile karatasi bado unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Andika wanne." Nikaandika jina lake, nikafika kwenye idadi, akaniambia, "Ngoja." Akatazama mlimani muda kidogo. "Kuna mmoja nilimpiga mguu wa mbele. Nilimfuata mpaka jua likazidi, damu ikakatika kwenye mawe. Huyo naye wanamhesabu?"

"Wanamhesabu, mzee."

"Basi andika watano."

Nikaandika watano. Alisaini polepole, herufi zote za jina lake, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili kama anavyofanya mtu akikupa kitu cha thamani.

Kwa hiyo wale sita wa daftarini sasa ni kumi na wanne, ukiwahesabu wale wa watu wa Mzumbe kama walivyoandikwa, mmoja mmoja. Wao hawajaja. Nimewaachia mistari miwili mitupu chini ya jina la mzee, na karatasi nimeiweka karibu na mlango, na kalamu juu yake.

Nisalimie sana Sabra na wanawe, mwambie kanga aliyonitumia naivaa mpaka shuleni. Mama anakusalimu, anasema umwombee magoti. Pili anakusalimu. Hamza amesimama hapa nyuma yangu ninapomalizia. Anasema shikamoo, na kwamba hayo mengine ameyasoma na hayana uongo.

Mwenyezi Mungu akulinde na kila la shari, akupe usikivu wa sikio na utulivu wa moyo, na atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye siku zote, mtoto wa dada yako,

Raya